Kitovu cha Kutengenezwa

Katika mwili wa binadamu kila kiungo kina kazi yake. Jicho huona, sikio husikia, goti hukunja mguu, na hata unywele mmoja wa kope huzuia vumbi. Kitovu peke yake hakina kazi. Kilikuwa nayo zamani, kabla hatujajijua, na siku tulipozaliwa kazi hiyo ikakoma. Tangu hapo kimekaa katikati ya tumbo kama mlango wa nyumba uliozibwa kwa mawe: hauingizi mtu wala hautoi mtu, lakini kila apitaye huona kwamba hapa palikuwa na njia.

Sikuwahi kukifikiria kitovu mpaka mwaka 2019, binti yangu aliponiambia kwamba atafanyiwa upasuaji wa kukaza tumbo, na kwamba huenda kitovu chake kisisalimike. Ameniruhusu niyaandike haya kwa sharti kwamba nisimtaje jina. Nayaandika kwa sababu siku ile nilimjibu vibaya. Na katika kujaribu kujua ubaya wa jibu langu ulikuwa wapi, nimejikuta mbele ya maswali mawili ambayo sikudhani kwamba yana kina. La kwanza: je, ni makosa mtu kufuta alama ambazo maisha yameziandika mwilini mwake? La pili: alama ikiisha kupotea, kuiunda upya ni kusema uongo?

Tuanze na kitovu chenyewe. Mtoto akiwa tumboni huishi kwa kamba inayomuunganisha na kondo la nyuma. Kwa kawaida kamba hiyo ina urefu wa sentimita 50 hadi 60, na ndani yake mna mishipa 3 ya damu: mmoja humletea mtoto damu yenye chakula na hewa, na miwili huirudisha kwenye kondo damu iliyokwisha kutumika. Mtoto akizaliwa, mkunga huifunga kamba na kuikata. Kipande kinachobaki hunyauka, na baada ya wiki moja au mbili hudondoka. Mahali kilipodondoka, pakishapona, ndipo tunapopaita kitovu. Kwa hiyo kitovu si kiungo hasa. Ni kovu. Ni kovu la kwanza la kila mtu, nalo tajiri analo kama maskini alivyo nalo, mwanamume kama mwanamke.

Kwetu pwani kile kipande kikavu hakitupwi ovyo. Huzikwa, aghalabu chini ya mti, na mara nyingi mti huo ni mnazi. Ndiyo maana Mswahili akitaka kutaja kwao hasa, husema ni mahali kilipozikwa kitovu chake. Kitovu cha binti yangu kilizikwa Pangani mwaka 1981, chini ya mche wa mnazi ambao marehemu mama yangu aliupanda kwa ajili hiyo. Mama alikizika kwa mkono wake, akarudi ndani, akaniambia, “Sasa huyu ana kwao.”

Binti huyo sasa ana watoto watatu, na wawili kati yao aliwazaa kwa operesheni. Baada ya mtoto wa tatu tumbo lake halikurudi. Misuli ya mbele iliachana katikati, na pale katikati kitovu kikatokeza nje kama ndimu. Ilikuwa ngiri. Akikohoa hukizuia kwa kiganja. Ngozi ya chini ilining'inia, na wakati wa joto ilimfanyia vidonda katika mkunjo. Mgongo ulimuuma. Zaidi ya hayo, akipanda daladala vijana wenye adabu zao walinyanyuka wakampisha kiti, wakidhani ni mjamzito. Walimpisha hivyo kwa miaka 6. Aliniambia kwamba matusi angeweza kuyajibu, lakini wema ule hakuwa na jibu lake; alikaa tu akasema ahsante.

Haya yote aliniambia baadaye. Siku ya kwanza alinieleza tu kwamba amekwisha kuonana na daktari, fedha amezichanga mwenyewe, na siku imepangwa. Nami bila kumuuliza lolote nikamwambia, “Mwanangu, hiyo ndiyo nyumba waliyokaa wanao. Unataka kuibomoa ili nani akusifu?”

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, “Mama, wao walikwisha kuhama. Mimi ndiye ninayeishi humo.”

Tukakaa wiki tatu bila kupigiana simu.

Katika wiki hizo tatu nilijipa haki kwa urahisi sana. Nilijiambia kwamba vijana wa leo wanaona haya kwa jambo ambalo bibi zao walijivunia. Nilijiambia kwamba tumbo la mama ni kumbukumbu, na kumbukumbu haifutwi. Nilikumbuka methali: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nilijiona ninasema kwa kinywa cha wazee.

Kisha siku moja nilikuwa napanga sanduku, nikakuta mkaja wangu.

Huenda msomaji kijana hajui mkaja ni nini. Ni kitambaa kirefu ambacho mzazi hufungwa tumboni baada ya kujifungua. Mama yangu alinifunga mkaja kwa siku 40. Kila asubuhi alinikanda kwa maji ya moto mpaka nikalia, akaninywesha uji wa pilipili manga, kisha akaniambia nivute pumzi, naye akaukaza mkaja kwa nguvu za mikono yake miwili. Nilipomlalamikia alisema, “Tumbo lisipofungwa sasa, halitarudi tena.” Hakuniambia kwamba tumbo lililolegea ni kumbukumbu. Hakuniambia nijivunie. Alifanya kila alichoweza kwa maji, kitambaa na mikono ili tumbo langu lirudi kama lilivyokuwa. Kama angekuwa na njia nyingine nadhani angeitumia.

Kuna jambo zaidi katika neno hilo. Katika ndoa za pwani, baba wa bibi harusi hupewa kilemba, na mama yake hupewa mkaja. Yaani wazee walimtaka mwanamume anayekuja kuoa akumbuke kwamba kuna tumbo lililobeba, likatanuka, likafungwa kwa kitambaa. Na wakamtaka alilipie. Waliitambua hasara ile wakaipa jina. Lakini deni hilo hawakumwekea mama kwamba alivae mwilini maisha yake yote. Walimwekea mwingine, yule aliyenufaika.

Basi nikaelewa kwamba maneno niliyomwambia binti yangu hayakuwa ya wazee. Yalikuwa yangu mwenyewe, na chini yake palikuwa na hofu. Sikuhofia tumbo lake lililobeba wajukuu zangu. Nilihofia kitovu chake, kovu ambalo upande wake wa pili nilikuwa mimi.

Nilimpigia simu, nikamwomba radhi, na siku ya kuonana na daktari nikasafiri hadi Dar es Salaam tukaenda pamoja.

Daktari alikuwa mama wa makamo, msemaji wa polepole. Alichukua karatasi akatuchorea. Mgonjwa hutiwa nusukaputi. Ngozi hukatwa chini kabisa, juu kidogo ya kinena, toka nyonga hadi nyonga. Kisha ngozi pamoja na mafuta yake huinuliwa kutoka juu ya misuli, kidogo kidogo, mpaka karibu na mbavu, kama mtu anavyolikunjua shuka kutoka kwenye godoro. Ile misuli miwili mirefu iliyoachana husogezwa na kushonwa ikutane tena katikati. Halafu ngozi huvutwa chini, na inayozidi hukatwa.

Nikauliza, “Na kitovu je? Nacho huvutwa chini?”

Akasema hapana. Kabla ya kuinua ngozi, mpasuaji hukizungushia kitovu kisu na kukiacha palepale, kimeshikwa na kikonyo chake kwenye ukuta wa tumbo. Ngozi ikivutwa hukipita kitovu na kukifunika. Hapo mpasuaji hupima mahali kilipo, katikati ya tumbo na takriban usawa wa ncha za juu za mifupa ya nyonga, akatoboa tundu jipya katika ngozi, akakitoa kitovu nje na kukishona kwenye tundu hilo. Kwa hiyo baada ya yote kitovu hakikwenda popote; iliyosafiri ni ngozi.

Lakini kwa binti yangu palikuwa na tatizo. Ngiri ilikuwa imepita pale pale kwenye kikonyo, na katika kuitengeneza mishipa midogo ya damu inayokilisha kitovu ingeweza kukatika. Kitovu kikikosa damu huwa cheusi kikafa. Ikiwa hivyo, alisema daktari, atakiondoa na kutengeneza kingine. Vipande vidogo vya ngozi hukatwa, mafuta ya chini yake hupunguzwa, kisha ngozi hukunjwa kwa ndani na kushonwa kwenye utando mgumu unaofunika misuli, ili izame na kufanya shimo. Na kwa kuwa kila kovu lina tabia ya kujikaza, shimo hilo huweza kujifunga lenyewe. Ndiyo maana wapasuaji wengine hulizibia kwa shashi, au kwa kitu cha mviringo kama gololi, kwa wiki kadhaa mpaka litulie.

Akaongeza neno ambalo limenikaa moyoni. Alisema mshono mrefu wa chini haumpi mawazo sana, maana hufichwa na nguo ya ndani. Kinachomkosesha raha ni kitovu. Kikikaa upande, au kikawa cha duara kama tundu la kifungo, mgonjwa hatasahau kamwe kwamba alipasuliwa.

Nilirudi nyumbani na swali. Upasuaji huu una kazi moja: kufuta. Unafuta mikunjo, unafuta michirizi ya uja uzito iliyo chini ya kitovu, unafuta uwazi kati ya misuli. Mbona basi kovu moja linaachwa, na si kuachwa tu, bali linalindwa, linapimwa, linashonwa kwa uzi mwembamba, na likipotea linaundwa upya kwa kazi kubwa, ingawa halina faida yoyote kwa afya ya mtu?

Wapasuaji wenyewe wamelifikia jambo hili hatua kwa hatua. Mwaka 1899 Howard Kelly wa Baltimore, Marekani, alitoa taarifa juu ya kukata mafuta mengi ya tumbo. Katika siku zile za mwanzo lililotakiwa hasa ni kumpunguzia mgonjwa mzigo. Mwaka 1957 Mmarekani mwingine, Vernon, alieleza namna ya kukitolea kitovu katika tundu jipya. Mwaka 1967 Ivo Pitanguy wa Brazil alichapisha taarifa ya wagonjwa 300. Tangu hapo zimebuniwa njia nyingi za kukishona kitovu na za kuunda kipya. Wametaabika hivi kwa sababu waligundua kwamba tumbo lisilo na kitovu, hata likiwa laini na limenyooka, linamshtua mtazamaji. Linafanana na sura isiyo na macho.

Jibu jepesi ni kwamba jicho limezoea. Lakini jicho limezoea pia michirizi na mikunjo, maana wanawake waliozaa ni wengi. Na hivyo tunavifuta bila kushtuka. Tazama basi ajabu yenyewe: upasuaji huu unafuta alama ya kwamba mwanamke amezaa, lakini unakataa katakata kufuta alama ya kwamba mwanamke amezaliwa.

Nimelifikiri jambo hili kwa muda mrefu, na leo naona kwamba tofauti hiyo ina haki, ingawa sidhani kwamba wapasuaji waliikusudia. Kuzaa ni kutoa. Kuzaliwa ni kupewa. Mtu aliyetoa ana hiari juu ya ushahidi wa alichotoa: akitaka auonyeshe, akitaka auweke ndani, akitaka auchome moto. Hata tunamsifu mtu atoaye sadaka kisha asiitangaze. Lakini mtu aliyepewa hana hiari hiyo. Mdaiwa anayechana hati ya deni lake hatumwiti mnyenyekevu.

Michirizi ya tumbo la binti yangu ni hati ya alichowapa wanawe. Ni yake. Akiitunza ni vyema, akiifuta hajamdhulumu mtu. Wanaopaswa kukumbuka ni watoto, na kumbukumbu yao haikuandikwa katika ngozi ya mama yao. Mimi nilipomwambia kwamba anabomoa nyumba, nilikuwa namwambia mdai kwamba hana ruhusa ya kupumzika kwa sababu wadaiwa wake wataona vibaya.

Kitovu chake ni kitu kingine. Hicho ni hati ya alichopewa. Ukisimama mbele ya kioo na kujiona umejitegemea, umesoma, una kazi yako, una fedha zako za kumlipa daktari, kovu lile dogo linakuambia kwamba ilikuwapo miezi ambayo hukuweza hata kuvuta pumzi yako mwenyewe; mtu mwingine alikuvutia. Hakuna aliyejizaa. Nadhani ndiyo maana tumbo lisilo na kitovu hututisha: linafanana na tumbo la kiumbe asiyewiwa na mtu.

Lakini hapa naona msomaji ananizuia. Kama kitovu ni hati ya deni, je, asiye nacho hana deni? Wako watoto wanaozaliwa matumbo yakiwa nje, na katika kuwaokoa kitovu huweza kupotea. Wako watu wazima waliokipoteza kwa ngiri au kwa saratani. Hao nao wamezaliwa na mama zao kama sisi. Ni kweli. Hati si deni lenyewe. Hati ikiungua, deni halikuungua pamoja nayo. Ule mnazi wa Pangani, kwa mfano, ulikwisha kuanguka miaka mingi, na kiwanja kikauzwa. Lakini binti yangu ukimuuliza kwao ni wapi, atakutajia Pangani.

Hapo ndipo linapozuka swali langu la pili. Ikiwa deni hubaki hata hati ikipotea, kwa nini kutengeneza hati nyingine? Kitovu kilichoshonwa na daktari hakikutokana na kamba yoyote. Hakuna mtoto aliyelishwa kwa njia hiyo. Ni shimo la ngozi linalojifanya kovu. Si uongo huo?

Nilipokuwa nikilifikiri hili nikakumbuka mzozo wa zamani. Watu wa dini zetu wameulizana kwa karne nyingi kama Adamu, ambaye hakuzaliwa na mwanamke, alikuwa na kitovu. Mwaka 1646 tabibu Mwingereza, Thomas Browne, aliwalaumu wachoraji kwa kumchora Adamu na kitovu. Mwaka 1857 Mwingereza mwingine, mtaalamu wa viumbe Philip Henry Gosse, akaandika kitabu kizima akakiita Omphalos, neno la Kigiriki lenye maana ya kitovu. Gosse alisema Adamu alikuwa nacho. Mtu mzima kamili, alisema, hawezi kukosa kitovu; kwa hiyo Mungu alimuumba na alama ya kuzaliwa ambako hakukutokea. Na kwa njia hiyo hiyo aliiumba dunia ikiwa na miamba yenye mifupa ya wanyama ambao hawakuwahi kuishi, ili ionekane ina umri mrefu. Alidhani amewapatanisha watu wa dini na watu wa sayansi. Kumbe aliwaudhi wote wawili. Watu wa sayansi hawakuona haja nayo, na wacha Mungu walisema kwamba hoja hiyo inamfanya Muumba kuwa mdanganyifu, anayeandika historia ambayo haikuwa.

Nakubaliana nao. Kitovu cha Adamu, kama alikuwa nacho, kingekuwa uongo, kwa kuwa Adamu hakuwa na mama. Lakini kwa sababu iyo hiyo kitovu cha kutengenezwa cha binti yangu si uongo. Yeye mama anaye. Mama huyo ndiye mimi ninayeandika. Ile kamba ilikuwapo, mkunga aliikata, mama yangu alikizika kipande chake. Kovu jipya halikutokana na tendo lile, lakini linalolisema ni kweli. Cheti cha kuzaliwa kikipotea, tunakwenda kuomba kingine. Karatasi si ile, mwandiko si ule, na karani aliyekiandika hakuwapo siku ya uzazi. Hakuna anayesema cheti hicho ni cha uongo, maadamu mtoto kweli alizaliwa. Ukweli wa alama haukai katika mkono ulioiandika, bali katika jambo lililotajwa.

Sitaki msomaji adhani kwamba nimekuwa mpiga debe wa visu. Upasuaji huu si wa kuchezea. Damu inaweza kuganda miguuni ikapanda mapafuni ikaua. Ngozi inaweza kufa, kidonda kikaoza. Anayetarajia kuzaa tena hushauriwa angoje, maana mimba hufungua kilichoshonwa. Wako wanaoingia chini ya kisu kwa ajili ya harusi ya mwezi ujao. Na wako wasio na ngiri wala maumivu ambao hawakipendi tu kitovu chao, wanataka kiwe kidogo, cha wima, chenye ukingo juu, kama cha msichana wa magazetini. Kizuri hakikosi ila, na hapo bado moyo wangu unasita. Masheikh wetu hutofautisha kati ya kuondoa madhara na kubadili maumbile kwa kutafuta urembo tu, nami naiona busara ya tofauti hiyo.

Lakini nimejifunza pia kwamba mpaka wenyewe si mstari ulionyooka. Pitanguy, niliyemtaja, alijulikana duniani kwa kuwapamba matajiri. Lakini mwaka 1961, sarakasi ilipoungua moto katika mji wa Niterói na mamia ya watu wakafa, alikuwa miongoni mwa waliowatibu walioungua, na kwa miaka mingi aliendesha wodi ya wasiojiweza katika hospitali ya Santa Casa mjini Rio de Janeiro. Alifariki mwaka 2016. Aliamini kwamba aibu ya mwili ni maumivu, na kwamba maskini nao huumwa. Zamani ningecheka. Sasa namkumbuka binti yangu katika daladala akisema ahsante. Lile lilikuwa donda au urembo? Mimi, niliyekuwa nimelala na tumbo langu lililofungwa na mama kwa siku 40, nilikuwa na haki gani ya kuamua?

Alipasuliwa. Kitovu chake hakikuweza kuokolewa, kama daktari alivyokhofia, akatengenezewa kingine. Nilikaa naye mwezi mzima na zaidi. Siku za kwanza alitembea ameinama kama kikongwe, kwa kuwa ngozi ilikuwa imevutwa na hakuruhusiwa kunyooka. Daktari akampa mshipi mpana wa mpira wa kufunga tumbo, akasema auvae usiku na mchana.

“Kwa muda gani?” nikauliza.

“Wiki 6,” akajibu.

Nilihesabu kimoyomoyo. Ni siku 42.

Hakuweza kuufunga mwenyewe. Kwa hiyo kila asubuhi, baada ya kumsafisha, mimi ndiye niliyeufunga. Nilimwambia avute pumzi, nikaukaza kwa mikono yangu miwili, naye akalalamika kama nilivyolalamika mimi. Siku shashi ilipotolewa alikitazama kitovu kipya kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama kinafanana na cha kwanza. Nilimwambia ukweli, kwamba hakifanani. Cha kwanza kilikuwa na kikunjo upande wa kushoto. Nilikijua kwa kuwa nilikisafisha kwa wiki nzima mpaka kilipopona. Hiki hakina.

Akacheka, akashika mbavu kwa maumivu. “Basi, Mama,” akasema, “hicho cha kwanza utakikumbuka wewe.”

Nikamwambia ndiyo, nitakikumbuka. Kisha nikaushika mshipi, nikamwambia avute pumzi.